Mhazini wa Iyula na Jogoo Aliyeuzwa Mara Sita

Fedha aliziandika kwa peni, ahadi aliziandika kwa penseli. Daftari lilikuwa moja, la jalada gumu jekundu, lakini ukilifungua mbele palikuwa peni tupu, na ukiligeuza ukaanzia nyuma palikuwa penseli tupu. Watu wazima wa Iyula, wenye wake na mashamba ya kahawa, waliuogopa ule upande wa nyuma kuliko wanavyoogopa polisi. Aliyekuwa kwenye penseli hakutukanwa wala hakutangazwa. Mhazini alikutana naye njiani, akamsalimia vizuri, akauliza habari za mke, za watoto, za ng'ombe, kisha akasema, "Na mimi bado nina jina lako kwa penseli." Akaendelea na safari yake.

Nimefanya kazi na mama huyo miaka kumi na minne. Yeye alikuwa mhazini wa kanisa letu, mimi mnadishaji wa sadaka. Kwa asiyejua, kwetu si kila mtu ana fedha mkononi, hasa kabla kahawa haijalipwa, kwa hiyo watu huleta walichonacho: kuku, debe la mahindi, mkungu wa ndizi, mayai kwenye sahani. Ibada ikiisha vitu vinatolewa nje, anasimama mtu mwenye sauti anavinadi, na fedha inaingia kanisani. Mtu mwenye sauti ni mimi. Tangu nishike kazi hiyo hakuna yai lililorudi nyumbani kwao. Niliwahi kuuza boga kwa bei ya mbuzi, na aliyelinunua aliondoka anacheka.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, na mwalimu wangu mkuu akifufuka atashangaa kwamba hata hilo nililifikia. Nilianza Tunduma kwa kubeba magunia begani, upande huu kwenda upande wa Zambia na kurudi, kwa malipo ya sahani ya ugali. Nikapata baiskeli. Baiskeli ikazaa guta la magurudumu matatu, guta likazaa pikapu, pikapu ikazaa lori. Leo nina ghala la mahindi Mlowo ambalo lori linaingia likageukia humo humo ndani. Waliosoma wananiamkia. Nayasema haya ili msomaji apime mwenyewe: mwanamke aliyeweza kunitoa jasho mtu kama mimi hakuwa mwanamke wa hivi hivi.

Kwa umbo hakuwa na kitu. Mfupi, mwembamba, ndani ya koti la kiume la rangi ya majivu lililokuwa la marehemu mumewe, mikono imekunjwa mara mbili. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuaga, hata akiwa nyumbani kwake. Sofa hakulitaka kabisa. "Sofa linakumeza," alisema, "na mtu akishamezwa anakubali kila kitu."

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na sisi tuliomzoea tulimcheka kwa hayo. Aliweza kubishana na muuza nyanya dakika kumi kwa ajili ya nyanya moja, kisha akaisahau chenji yake yote mezani na kukataa kuirudia, eti ataonekana anamshuku mwenzake. Alihesabu sadaka mara tatu, lakini mbuzi wake mwenyewe hakujua idadi. Tunduma alifika mara nyingi, akasimama akautazama mpaka, na hakuwahi kuuvuka hata siku moja. Nilimwambia, mama, ni hatua ishirini tu, nitakushika mkono. Akasema, "Mahali ambapo fedha inabadilika sura mchana kweupe, mimi naenda kufanya nini?" Lakini mafuta ya kupikia ya huko aliyapenda, na alinituma kila mwezi.

Kabla ya kanisa alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Hilo alilizungumza mara moja tu mbele yangu, tukiwa tunakagua mahindi ya sadaka chini ya paa la vestri, kile chumba cha mchungaji kando ya kanisa, mvua inapiga bati. Alisema mwaka mmoja aliambiwa na wakubwa wake kwa mdomo kwamba malipo ya pili ya kahawa yapo njiani. Akaandika kwenye vitabu vya wakulima, kwa peni, kila mtu na kiasi chake. Wakulima wakaviona vitabu, wakaenda kukopa kwa wenye maduka, wakaezeka nyumba, wakapeleka watoto shule. Malipo ya pili hayakuja. "Waliomba kuviona tena vile vitabu," alisema. "Mwandiko ulikuwa wangu." Akaendelea kuchambua mahindi. Tangu siku ile sikumuuliza tena kwa nini penseli.

Sasa niseme habari ya jogoo, maana bila jogoo huwezi kuelewa yaliyofuata.

Mnada wetu una desturi moja nzuri. Mtu akishinda bei anaweza kusema, "Namrudisha mezani," maana yake amelitolea kanisa bei yake na kuku anauzwa tena kwa mwingine. Jumapili moja ya mavuno aliletwa jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kiburi kama mimi. Nilikuwa na sauti siku hiyo. Nikamuuza, akarudishwa mezani. Nikamuuza tena, akarudishwa. Watu wakapata moto. Mara sita niliuza jogoo yule, kila mara kwa bei kubwa kuliko ya nyuma, na ya sita ndiyo iliyovunja rekodi. Aliyemchukua mara ya mwisho hakumrudisha, alikwenda naye nyumbani akaliwa. Mtu huyo sitamtaja hapa. Nikajumlisha kwa kichwa, maana hesabu ya kichwa ninayo hata kama ya ubao sikuiweza, nikatangaza jumla. Makofi yakapigwa. Mchungaji akafuta miwani.

Mhazini akasimama na sahani.

"Mnadishaji amesema kweli kwa sauti yake," akasema. "Na mimi niseme kweli kwa sahani yangu. Jogoo ni mmoja. Tumemuuza mara sita. Humu ndani kuna bei ya jogoo mmoja na nusu. Hao wengine bado wako kwenye penseli, hawajawika."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka nao, kwa meno.

Miaka miwili baada ya hapo ndipo lilipokuja jambo la benki.

Benki yetu iko Mlowo, kando ya barabara kuu. Ni ndogo, ya wananchi, tuliianzisha wenyewe kwa kununua hisa, wakulima wa Iyula na Hasamba na wafanyabiashara wa Mlowo. Mimi ni miongoni mwa wenye hisa nyingi, na kiti changu kwenye mkutano mkuu ni cha mbele. Wiki hiyo mama mmoja wa Hasamba alikwenda kutoa fedha ya hospitali akaambiwa arudi Alhamisi. Ni hilo tu. Lakini siku ya gulio ilipofika habari ilikuwa imeota miguu: benki imekauka, benki inafungwa, meneja ameshahamisha familia.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Kanisa lilikuwa na fedha za ujenzi zinazosubiri kiangazi, na chama cha kahawa kilikuwa kinaamua malipo ya msimu ya wakulima wote yapitie benki gani. Wazee wakakaa, wakasema, tumtume Mhazini akaitazame benki kwa macho yake, Jumapili baada ya ibada asimame atuambie. Akisema ni nzima, tunaweka. Akisema ni mbovu, kila mtu Jumatatu akachukue chake.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Benki hata iwe na afya ya ng'ombe dume, watu wote wakidai fedha zao siku moja itaanguka, kwa sababu fedha hailali ndani, imekopeshwa. Na kuna bima ya amana, ndiyo, lakini bima hiyo ina kikomo na ina kungoja, na mjane mwenye mtoto hospitalini hangoji. Kwa hiyo akiba za watu zilikuwa juu ya ulimi wa mama mmoja mwenye koti la kiume.

Na mimi nilikuwa na langu. Niliandika hapo juu kwamba pikapu ilizaa lori. Malori mawili yaliyofuata hayakuzaliwa, yalikopwa, kwenye benki hiyo hiyo. Mahindi yakashuka bei, malori yakalala Tunduma kwenye foleni wiki nzima, nikashindwa kurejesha. Meneja, kijana mpole wa kuja, mtu wa tai hata jua likiwaka, akanifuata ofisini kwangu, tukakaa. Tukauandika mkopo upya. Yaani benki ilinipa mkopo mpya nikalipa nao wa zamani, na kwenye karatasi nikaonekana mteja safi. Mwaka uliofuata tukafanya tena. Na tena. Kati ya hapo mahindi yalipanda, nikapata fedha nzuri, na badala ya kwenda benki nilinunua lori la nne, jipya, kwa fedha taslimu. Sina cha kujitetea. Nilijiambia benki inanihitaji mimi kuliko ninavyoihitaji.

Nilimpeleka Mhazini Mlowo kwa gari langu mwenyewe. Nilitaka niwe karibu.

Nilidhani ataingia kwa meneja, atakunywa soda, atatoka. Siku ya kwanza hakumwona hata meneja. Alipanga foleni kama wengine, akaweka shilingi elfu kumi. Akakaa kwenye benchi. Akamuuliza mlinzi mshahara wake unaingia tarehe ngapi, na mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Akamuuliza mama wa usafi vivyo hivyo. Kisha akasimama mbele ya ile taarifa ya hesabu inayobandikwa ukutani, ambayo mimi kwa miaka yote nilidhani ni pambo, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, karibu saa nzima. Watu walimpita. Siku ya pili akarudi saa ambayo foleni ilifika nje, akadai elfu kumi yake. Alipewa. Akaihesabu mbele ya keshia, noti moja.

Siku ya tatu ndipo tulipoingia kwa meneja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo tai haikunyongi?"

Kijana akacheka, akaagiza soda. Mama akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua," akasema. "Watu wote wa Iyula wakija kesho asubuhi, mtafika saa ngapi kabla droo haijawa tupu?"

Meneja akaweka kalamu chini. Akaeleza, na kwa haki nimsifu, hakudanganya. Alisema benki zote duniani ziko hivyo, akasema wana kiasi fulani ndani na kiasi fulani wamekihifadhi benki kubwa, akasema siku mbili wangehimili.

"Na mikopo chechefu?"

Nilishtuka. Sikujua kwamba neno hilo analo. Ni mikopo iliyolala, isiyolipwa.

"Ni michache, mama. Iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa."

"Ni michache kwa sababu inalipwa, au kwa sababu imeandikwa upya?"

Feni ilikuwa inazunguka. Meneja akanitupia jicho, kidogo tu, kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Mimi nikainamia soda yangu.

"Mama, siri za wateja siruhusiwi..."

"Sijataka jina, jina litanisaidia nini. Pale ukutani mmeandika faida imepanda, na mstari wa fedha taslimu umeshuka. Mtu akinenepa huku chakula kinapungua, ama anakula kwa siri ama amevimba. Mimi nataka kujua jogoo wako ni wangapi."

Kijana wa watu hakuelewa habari za jogoo. Mimi nilielewa, na shati lilinigandia mgongoni.

"Ya kuandikwa upya, mikubwa, ni mitatu," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ukilipwa hata mmoja tunapumua. Ikilipwa yote, benki hii ni nzima kuliko nyingi, mama. Waliobaki wote ni watu wadogo na wanalipa. Hao akina mama wa mboga hawajawahi kukosa hata wiki moja."

"Najua," akasema Mhazini. "Nimewaona kwenye foleni."

Tulirudi mpaka tukaiacha lami. Vumbi lilipoanza, akafunga kioo.

"Mnadishaji."

"Naam mama."

"Ule mkopo wako wa malori, unaendeleaje?"

"Nalipa mama. Mimi si mtu wa kudaiwa, unanijua."

"Sikuuliza kama unalipa. Unalipa kwa kitu gani? Kwa mahindi?"

Nikakanyaga breki kwa ajili ya ng'ombe aliyekuwa mbali kabisa. Nikasema mvua ikinyesha barabara hii itakuwa taabu. Akasema ndiyo, itakuwa taabu. Basi. Nilipomshusha kwake alinishukuru kwa mafuta ya gari, akaingia ndani na koti lake, nikageuza gari.

Siku mbili sikula vizuri. Nilipiga hesabu zangu. Akisimama Jumapili akaitangaza benki mbovu, Jumatatu watu watamiminika, benki itafungwa, atakuja msimamizi kutoka juu, na jambo la kwanza atakalofungua ni jalada langu. Nyumba, ghala, malori mawili, vyote viliandikwa humo. Nilifikiri kumwendea nimwombe. Nilifikiri, Mungu anisamehe, kumpelekea bahasha. Nilijua pia kwamba bahasha angeiandika kwa peni, mbele, pamoja na jina langu, na kuisoma Jumapili.

Jumamosi saa tatu asubuhi alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwa ghala langu. Vibarua walikuwa wanapakia. Akakaa kwenye ukingo wa gunia.

"Kesho nasimama," akasema.

"Najua mama."

"Nikisema ni nzima, nitakuwa nimeandika kwa peni kitu cha mdomo. Nilishafanya hivyo mara moja. Nikisema ni mbovu, naiua, na wale wa mboga ndio watakaozikwa nayo."

"Sasa mama, mimi unaniambia ili nifanyeje?"

"Nimekuambia ufanye kitu? Nimekuja kukusalimu." Akalitazama lori jipya, lile la nne, limeoshwa linang'aa. "Hili zuri. Kadi yake iko wapi, benki?"

"Hapana. Ninayo mwenyewe."

"Enhe. Na yule Mzambia wako aliyekuwa analililia, bado analitaka?"

Nikajifanya nahesabu magunia. Vibarua walikuwa wanatusikia.

"Benki leo inafunga saa sita," akasema, akinyanyuka na kujikung'uta vumbi la mahindi. "Nitakuwepo kwenye benchi. Miguu inaniuma, nitapumzika pale."

Nilikasirika, nisifiche. Nilipiga teke gunia, nikafukuza kibarua ambaye hakuwa na kosa. Nimebeba magunia kwa bega hili, nikasema, na sasa kibibi anakuja kunipangia cha kuuza. Nikakaa kwenye lori, nikakishika kile kiti chenye nailoni bado. Na hapo nilisikia ile sauti ya kwenye sahani: humu ndani kuna bei ya jogoo mmoja na nusu. Nikapiga simu.

Mzambia alikuwa Tunduma siku hiyo. Nikamwambia tukutane pale Mpemba, kabla ya kufika Tunduma, nisije nikanaswa na foleni ya mpakani. Niliendesha mwenyewe, na sijawahi kuendesha vile. Nilimkuta amesimama kando ya barabara anakula mahindi ya kuchoma.

"Mulishani, ba mudala," akaniambia, yaani hujambo mzee, na mimi na yeye ni rika moja. Akalizunguka lori polepole. Mtu anayeuza Jumamosi asubuhi kwa haraka ana mwiba mguuni, na yeye hakuwa mtoto. Akakata bei. Nikabisha. Akaendelea kutafuna mahindi. Nikatazama saa, nikakubali. Lori ambalo hata vumbi la Sumbawanga halijalionja.

Nilirudi Mlowo kwenye gari la kukodi, begi la noti nimelipakata. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili nikaingia. Mlinzi alikuwa ameshashika komeo. Mhazini alikuwa kwenye benchi, amefumba macho, mikono ndani ya mikunjo ya koti, kama amelala. Keshia alihesabu mpaka saa sita na nusu mlango umefungwa. Mkopo karibu wote uliisha, ukabaki mkia ambao niliumaliza mwezi uliofuata. Meneja alinishika mkono kwa mikono miwili, machozi yamemlengalenga, na tai imelegezwa kwa mara ya kwanza. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Walikuwepo hata wa madhehebu mengine. Mhazini akasimama, akafungua daftari mbele, upande wa peni.

"Benki niliikuta na jogoo watatu," akasema. "Kila mmoja ameuzwa mara nyingi na sahani haina kitu. Wanaojua mnada wetu wananielewa. Ningesimama hapa Ijumaa ningewaambia mkachukue fedha zenu. Jana saa sita nilikuwa pale, nikaona kwa macho yangu jogoo mmoja amelipiwa, kwa noti, zikahesabiwa. Hilo ndilo nimeliandika. Wamebaki wawili. Majina sijui na sitaki kujua, lakini wao wanajijua, na nadhani wengine wao wananisikia. Kesho nitakaa tena kwenye lile benchi. Na keshokutwa."

Akageuza ukurasa.

"Ushauri wangu: mwenye akiba asiiguse, lakini asiweke yote sehemu moja, hata kwangu asiweke. Fedha za ujenzi tuweke theluthi. Malipo ya kahawa tungoje tuone hao wawili. Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Jumatatu foleni haikutokea. Alikaa kwenye benchi siku tisa. Siku ya nne mmoja alikuja akalipa nusu, akaahidi nusu. Siku ya tisa wa tatu aliuza shamba la kahawa akalipa yote. Msimu ule malipo ya wakulima yalipitia benki yetu, na mpaka leo hii yanapita.

Mimi habari hii nimeisimulia mara nyingi, kwenye misiba, kwenye harusi, kwamba benki ya Mlowo niliiokoa mimi kwa lori moja. Na ni kweli niliiokoa. Ila jambo moja lilinisumbua miaka: Mhazini alijuaje kwamba ni mimi? Watu wenye mikopo mikubwa Mlowo ni wengi. Mwishowe nilijiridhisha kwamba ni lile jicho la meneja, chini ya feni.

Mwaka huu mvua zilipokatika nilikwenda Iyula kumwona. Uhazini alishauacha, macho yamefunga ukungu. Nilimkuta kwenye kigoda nje, na koti lile lile. Nilimpelekea sukari na mafuta yake ya ng'ambo. Nikampa habari zangu, kwamba nimenunua lori jingine, kubwa kuliko lile, na safari hii sina deni la mtu. Akasema amefurahi. Nikasema mama, leo unijibu. Siku ile kwa meneja, alipotupa lile jicho, ulimwona?

"Jicho gani?" akasema. "Mimi nilikuwa naitazama soda. Niliogopa kuimwaga kwenye karatasi zake."

"Sasa ulijuaje?"

Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na daftari jekundu. Alikuwa amekabidhi madaftari yote isipokuwa hilo, la miaka ile. Akaligeuza, akaanzia nyuma. Hakuhitaji macho, alihesabu kurasa kwa kidole gumba, akafika, akanipa.

Ukurasa mzima wa ahadi, zote zimefutwa na kuhamia mbele. Uliobaki ni mstari mmoja. Jogoo mwekundu, mara ya sita, shilingi elfu themanini. Na jina langu.

"Uliendesha mnada, ukapandisha bei, ukashinda mwenyewe, ukaenda ukamla," akasema. "Na ukatangaza jumla kwa sauti. Mtu wa namna hiyo ningekwenda kumtafuta wapi kwingine?"

"Mama, miaka yote hii tumekutana kila Jumapili. Kwa nini hukunidai?"

"Wengine nilikuwa nawakumbusha kwa sababu walikuwa wamesahau."

Nikatoa simu. Nikasema natuma sasa hivi, na riba juu.

"Mimi si mhazini," akasema. "Mwenzangu anakaa pale chini, karibu na mashine ya kukoboa. Riba kaa nayo."

Nilishuka kwa miguu, gari nikaliacha. Nikalipa elfu themanini, nikaomba risiti, yule mhazini mpya akanishangaa, akaandika kwa peni. Nikapanda tena kilima nikihema. Mama akaichukua risiti, akaisogeza karibu na pua, akaisoma yote, mpaka tarehe. Kisha akachomoa kifutio kwenye mfuko wa koti, akakiweka juu ya daftari.

"Futa mwenyewe," akasema.

Nilifuta. Nilifuta mpaka vidole vikapata joto. Rangi ya penseli ilitoka yote, lakini zamani alikuwa anakandamiza sana anapoandika, na hata sasa ukiipitisha karatasi ile kwenye mwanga wa jua, jina langu linasomeka.